Kadi ya Mwendo wa Habari Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kazi, na mvua nayo imeanza. Nilifika kabla lango halijafunguliwa, nikasimama chini ya bati la kibanda cha mlinzi nikiwa nimekumbatia vyeti vyangu ndani ya mfuko wa nailoni. Masijala ni chumba kirefu chenye madirisha mawili upande mmoja na mafaili upande wa pili, kutoka sakafuni hadi darini. Tuko wawili tu: mimi na mkuu wangu, mama mjane wa miaka hamsini na sita. Ofisi nzima inamwita Mama Mihuri, maana mihuri yote kumi na mmoja iko kwenye droo yake na ufunguo wa droo uko shingoni mwake. Nitakuwa kwenye majaribio miezi mitatu. Mwisho wake yeye ndiye atakayeandika taarifa, nibaki au niende. Alinieleza hayo bila kuinua macho, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Sikukosea kitu leo. Hata hivyo nimeogopa tangu asubuhi mpaka jioni.

Jumanne, 4 Machi
Nimefundishwa kadi ya mwendo. Kila faili lina kadi yake hapa masijala. Anayelichukua anaandika jina, tarehe na kutia sahihi. Akimpa mwenzake, anarudi na mwenzake huyo, naye anaandika. Faili likipotea hatuinami kulitafuta chini ya meza. Tunafuata kadi, mkono kwa mkono, mpaka tulifikie. Mama Mihuri anasema katika miaka thelathini hajapoteza faili hata moja, ila mawili yalimchukua wiki tatu.

Jumatano, 5 Machi
Wakristo wa ofisini hukutana kila Jumatano saa saba mchana katika stoo ya karatasi. Mtunza stoo, ambaye wote tunamwita Bwana Stoo, ndiye anayeongoza maombi kwa sababu ufunguo ni wake. Tunakaa juu ya maboksi. Kabla ya kuomba kuna zamu ya mahitaji, na kila mtu anamtaja wa kuombewa. Dereva wetu, wanayemwita Redio, alikuwa na mahitaji saba, yote ya watu wengine, na maelezo yake hayakupungua kitu. Zamu yangu ilipofika nikasema sina. Bwana Stoo akasema kwa upole kwamba asiye na mzigo wa kuleta huenda hawatazami wenzake. Nikahisi masikio yanawaka. Mama Mihuri hakuwepo. Jumatano huwa anabaki masijala na kuomba peke yake, macho yakiwa wazi, akipanga barua.

Redio ameanza kuniita Bi Kimya.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi wa fotokopi amekuja. Sikujua kama imeharibika.

Jumatano, 12 Machi
Nimesema tena sina. Dada wa mapokezi alinitazama kama mtu aliyealikwa harusini akaja mikono mitupu.

Ijumaa, 14 Machi
Fundi amekuja tena. Ni mzee mpole, mwenye mfuko wa ngozi wa vifaa na shati lililonyooshwa kuliko la mkurugenzi. Alifungua mashine, akaipuliza, akaifunga. Mama Mihuri akampa chai. Walikaa robo saa wakizungumzia unyevu unavyoharibu karatasi.

Nimepanga mafaili ya herufi M yote. Mvua haikatiki.

Jumatatu, 17 Machi
Naandika haya nikiwa na hofu. Saa nne nilirudi kutoka kwa mkurugenzi nikiwa nimevaa viatu vya mpira kwa ajili ya matope, hivyo sikusikika. Mama Mihuri alikuwa ameshika bahasha yenye nembo ya hospitali. Alikuwa analia. Hakutoa sauti, mabega tu yalikuwa yanatikisika. Aliponiona akaifungia bahasha kwenye droo ya mihuri, akafuta macho kwa kiganja, akaniuliza kama mkurugenzi ametia sahihi.

Nimekula chakula cha jioni bila kukisikia. Shangazi, ambaye naishi kwake, aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikamwambia bado.

Jumatano, 19 Machi
Leo nilikuwa na hitaji.

Nililisema kwa uangalifu sana. Nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi, hata maneno niliyapima. Nilisema: tumwombee mama mmoja wa hapa ofisini kuhusu afya yake. Sikutaja jina. Kukawa kimya ambacho sijawahi kukisababisha maishani. Bwana Stoo akafumba macho na kusema, "Asante, binti, kwa moyo wa huruma." Dada wa mapokezi akanishika mkono. Redio akauliza kama mama huyo yuko ghorofa ya juu au ya chini, ili aombe akilenga. Nikasema ya chini.

Ghorofa ya chini kuna wanawake watatu: mimi, dada wa mapokezi na Mama Mihuri. Nimeligundua hilo nikiwa njiani kurudi nyumbani, katikati ya dimbwi.

Lakini ilikuwa ni maombi.

Ijumaa, 21 Machi
Fundi amekuja. Fotokopi ilikuwa nzima. Niliitumia dakika tano kabla hajafika.

Jumatano, 26 Machi
Bwana Stoo alimwombea Mama Mihuri kwa jina. Nani aliyelitaja? Nilitazama boksi langu muda wote.

Alhamisi, 27 Machi
Karani wa ghorofa ya juu ameshuka kupima kwa macho meza ya Mama Mihuri. Alisema anapenda mwanga wa dirisha lake.

Ijumaa, 28 Machi
Fundi hakuja.

Jumapili, 30 Machi
Baada ya ibada shangazi alinivuta pembeni. Shangazi ni mwimbaji wa kwaya, ana sauti ya pili na moyo mkubwa, na habari haikai kwake hata ikipewa kiti. Akaniuliza kwa kunong'ona kama nimesikia habari za mkuu wangu. Kwamba amefanyiwa upasuaji mara mbili kwa siri. Kwamba madaktari wamekata tamaa. Kwamba ameshaandika wosia na anawaficha hata watu wake wa karibu. Jirani yetu ndiye aliyemweleza, naye aliipata kwa msusi wake.

"Wewe unakaa naye chumba kimoja," alisema shangazi, "hukuona dalili?"

Nilijua pale pale kwamba nilikuwa namtazama mtoto wangu mwenyewe, amekua, amevaa nguo za watu. Ningeweza kusema: shangazi, hiyo ilianza kwangu, nami nilichokiona ni bahasha tu. Nikasema sijui. Shangazi akasema Alhamisi mazoezini alimdokeza mmoja tu, basi ngoja awaambie wanakwaya wote waombe.

Naye akaenda, na mimi nikasimama pale nikimwangalia anavyoenda.

Jumatano, 2 Aprili
Sikwenda stoo. Nilisema nina mafaili ya P.

Ijumaa, 4 Aprili
Fundi hakuja. Fotokopi imeharibika kweli. Imemeza hati ya mkurugenzi nusu na nusu nyingine imebaki nje. Mama Mihuri aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaifunika kwa kitambaa. Hakunywa chai.

Jumapili, 6 Aprili
Mchungaji amehubiri juu ya ulimi. Nilidhani atasema juu ya uongo, nikajiandaa kupumua, maana mimi sikusema uongo. Lakini alisema juu ya ukweli ambao si wetu. Alisema kuna wakati tunampelekea Mungu habari ambazo tayari anazo, ili tu wenzetu wazisikie zikipita. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni, nikafika mia mbili na sita, na kila kigae kilikuwa siku ya kazi ambayo sitaipata.

Maana nimeamua kumwambia. Yeye ndiye anayeandika taarifa yangu. Nimemwomba Mungu anipe njia nyingine. Mpaka sasa hajanipa.

Jumanne, 8 Aprili
Jana sikuweza. Leo nimeweza, nami nataka kuandika yote kabla sijayapamba.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilinibidi niseme kwa sauti, jambo ambalo ni gumu kwa mtu anayeungama. Mama Mihuri alikuwa anatia mhuri barua zinazotoka. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema yote. Bahasha, machozi, stoo, ghorofa ya chini, shangazi, na lile "sijui" nililomjibu.

Mhuri ulibaki hewani. Kisha akauweka chini taratibu, ukiwa umelala ubavu.

"Kumbe ndiyo maana," alisema.

Akafungua droo, akatoa bahasha ile, akanipa niisome. Ilikuwa cheti cha vipimo vya kawaida kabisa, na chini yake daktari ameandika kwamba mhusika ni mzima wa afya. Kanisa linawadai vipimo hivyo wanaotaka kufunga ndoa.

Nilisoma neno ndoa mara tatu.

Mama Mihuri alikuwa anatazama fotokopi iliyofunikwa. Akaniambia, kwa sauti ambayo mvua karibu iimeze, kwamba siku ile alikuwa analia kwa kucheka na kucheka kwa kulia. Jana yake alikuwa kwenye darasa la wachumba, amekaa mstari wa mbele na vijana wa miaka ishirini na tatu, wanafundishwa kusameheana, na fundi amemshika mkono chini ya daftari. Mjane wa miaka kumi na miwili. Hakudhani tena kwamba angepewa fomu ya namna ile.

Fundi. Nilijiona mjinga kuliko wajinga wote waliowahi kufungua faili. Wiki tatu ofisini nilishajua mashine ni nzima, na bado sikujua kwa nini inatengenezwa.

Kisha akanipa karatasi ndogo iliyoletwa na mtoto wa jirani yake. Mwandiko wa fundi: Nimeelewa. Ningependa kuambiwa na wewe mwenyewe. Mke wake wa kwanza, alinieleza, aliugua kwa siri mwaka mzima ili asimtie huzuni, na fundi akaja kuambiwa zikiwa zimebaki wiki mbili. Aliposikia sasa kwamba na huyu naye anaficha, hakugombana. Aliacha tu kuja. Mama Mihuri naye, asiyemfuata mtu kwa miaka thelathini isipokuwa ana faili letu, alidhani amebadili mawazo, akanyamaza.

Nikasema, "Mama, niandikie taarifa leo. Niende."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Machi, nadhani. Macho yake yana rangi ya chai.

"Mwanangu, kwetu faili likipotea tunafanyaje?"

"Tunafuata kadi."

Akatoa kadi mpya ya mwendo. Mahali pa jina la faili akaandika: Habari. Mstari wa kwanza akaandika kazi yangu na tarehe 19 Machi, akanipa kalamu. Nilitia sahihi. Akasema niifuate mkono kwa mkono, kila aliyeishika aandike aliipokea vipi na akaitoa vipi, na isirudi masijala mpaka imefika ilikofika. Nikauliza itakuwaje wakikataa.

"Utasimama pale mpaka wakubali. Wewe ni Bi Kimya, si ndiyo? Kimya chako sasa kifanye kazi."

Jumatano, 9 Aprili
Nimeanza stoo, mbele ya wote, zamu ya mahitaji. Nilisema hitaji langu la tarehe kumi na tisa halikuwa langu, nikalirudisha. Kisha nikaweka kadi juu ya boksi na kuuliza nani aliipokea.

Hakuna aliyejibu. Nikasimama. Mvua ilinyesha. Nikaendelea kusimama. Dakika nne, dada wa mapokezi anasema saba.

Redio ndiye aliyevunjika. Akasema, "Lete hapa. Mimi niliongeza upasuaji tu." Na jina. Jina na upasuaji. Alisema alidhani ugonjwa bila upasuaji ungeonekana mdogo mno kwa maombi. Bwana Stoo akaficha uso ndani ya kofia yake, na baadaye tukaona mabega yake yanacheka. Dada wa mapokezi akatia sahihi wa tatu: upasuaji wa pili, akampa msusi wake.

Alhamisi, 10 Aprili
Msusi, saluni ya karibu na kituo cha mafuta. Alikuwa ameshika kichwa cha mteja kwa mkono mmoja, akatia sahihi kwa mwingine. Wosia ni wake. Alisema wosia huwa upo tu, mtu akiugua.

Jumamosi, 12 Aprili
Jirani. Alinipa kiti, akanipa chai, akanieleza mambo ya watu wanne wengine kabla sijatoa kadi. Alipoisoma alinyamaza, nikamhurumia. Madaktari kukata tamaa ni wa kwake. Aliandika kwa herufi ndogo kabisa.

Jumapili, 13 Aprili
Shangazi alikataa. Alisema hawezi kutia sahihi kwenye umbea kwa sababu yeye hakuwahi kufanya umbea, alifanya mawasiliano. Nikasimama mlangoni mwa jiko. Akakatakata vitunguu. Nikaendelea kusimama. Alipomaliza vitunguu alikuwa analia, akadai ni vitunguu, kisha akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa na kucheka mpaka akashika ubavu.

"Binti wewe, umesimama kama deni."

Akaandika: niliongeza kwamba anawaficha watu wake. Chini yake: nikampa binti wa fundi, sauti ya kwanza, kwenye mazoezi ya Alhamisi.

Kumbe. Binti wa fundi anasimama mbele yake kila Jumapili, na shangazi hakujua kwamba baba yake anachumbia.

Kisha akanishika uso kwa viganja vyenye vitunguu na kuniuliza kwa nini sikumwambia siku ile. Nikasema niliogopa. Akasema na yeye anaogopa. Akinyamaza anahisi hayupo. Sijawahi kumfikiria shangazi hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili
Binti wa fundi ametia sahihi. Kisha akasema, "Nilimwambia baba, amekuficha kama mama alivyotuficha." Alinisindikiza mpaka karakana.

Fundi alikuwa amekaa katikati ya mashine zilizofunguliwa matumbo. Nilimwamkia. Nikampa kadi kwa mikono miwili, na juu yake cheti cha daktari, ambacho Mama Mihuri alinikabidhi mwenyewe asubuhi. Alivaa miwani. Alisoma cheti kwanza. Kisha kadi, mstari kwa mstari, kutoka juu. Kwenye "niliongeza upasuaji tu" mdomo wake ulicheza. Kwenye wosia akavua miwani. Alipofika kwa shangazi alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanashuka kwenye mashavu, na binti yake anamfuta kwa kitambaa cha grisi, akimpaka weusi uso mzima.

Akatia sahihi mstari wa mwisho. Kisha akaniuliza, "Na sasa faili hili linarudi kwa nani?"

Nikasema linarudi masijala.

Akachukua mfuko wa ngozi. Hakunawa uso. Tulipita mapokezi, dada akasimama. Tulipoingia Mama Mihuri alikuwa juu ya ngazi, rafu ya tano, ameupa mgongo mlango.

"Nimesikia fotokopi imeharibika," alisema fundi.

Mimi nilitoka. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikitazama mvua, na kwa mara ya kwanza tangu Machi sikuwa nasikiliza kitu chochote.

Jumanne, 15 Aprili
Mashine inafanya kazi.

Jumapili, 27 Aprili
Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa kanisani. Shangazi alishusha pumzi hadi wa mstari wa nyuma wakageuka. Alikuwa analijua siku kumi na tatu na hakumwambia mtu. Amepungua uzito, anasema.

Alhamisi, 8 Mei
Mama Mihuri amefungua kadi ya pili: Mwaliko. Harusi Jumamosi ya tarehe 24, saa nane, kanisani kwetu, halafu keki na chai nyumbani kwake. Anataka mwaliko upite mikono ileile, kwa utaratibu uleule, kwa mdomo. Nilimwambia naogopa. Akasema hata yeye.

Alhamisi, 15 Mei
Mwaliko umefika kwa fundi. Tarehe ileile, saa ileile, mahali palepale. Keki mbili.

Nimerudi nyuma kwenye kadi. Ni Redio. Mama Mihuri alikaa akitazama ukuta, kisha akapiga simu kuagiza keki ya pili, ili isiwe uongo.

Jumamosi, 24 Mei
Jua. Mvua imekwisha usiku wa jana kama bomba lililofungwa.

Sina nguvu ya kuandika yote. Bibi harusi alivaa gauni la rangi ya maziwa na ufunguo wa droo shingoni, alisahau kuuvua. Fundi aliuona madhabahuni akacheka katikati ya kiapo. Redio ndiye aliyekuwa msema chochote wa sherehe, kwa ombi la maharusi, wakisema angalau siku moja apewe habari inayotakiwa kutangazwa. Alitangaza kila kitu, hata visivyohitaji: sasa tunaelekea kwenye viti, sasa shangazi anakohoa. Kwaya iliimba. Shangazi na binti wa fundi waliimba wameshikana mikono. Keki zote mbili ziliisha.

Nilicheza. Niandike hilo, maana hakuna atakayeamini.

Jumatano, 28 Mei
Stoo. Zamu yangu ilipofika nilisema nina hitaji moja, nalo ni langu mwenyewe: niombewe ulimi wangu, useme vizuri na unyamaze vizuri, maana nimeshakosea kwa yote mawili. Bwana Stoo akauliza kama nina hitaji la mtu mwingine. Nikasema ninaye mmoja, nilimuuliza, akasema atakuja mwenyewe.

Redio akakohoa. Akasema zamu hii ana hitaji moja tu. Alilisema taratibu, macho chini, nalo lilikuwa lake. Siliandiki hapa.

Ijumaa, 30 Mei
Mama Mihuri amenipa taarifa ya majaribio nikaipige chapa mwenyewe. Ina mstari mmoja: Alipoteza habari moja, akairudisha, apewe masijala pamoja nami. Nilikosea kupiga mara nne. Yeye akatia mhuri, kisha akatoa ile kadi ya kwanza, na chini ya sahihi ya fundi akaandika: Limerudi. Lifungwe. Tumeiweka kwenye herufi H, kabla ya Hati na Hesabu.

Saa tano mlango umegongwa. Fundi amekuja kutengeneza fotokopi. Haijaharibika. Dada wa mapokezi ameniuliza kwa macho, kutoka mwisho wa korido, kuna nini. Nimemfungulia fundi mlango, nikaenda kunywa chai.